Sifa za Mkono Mwepesi

Kazi nyingi za mikono humtangaza mwenye kuzitenda: seremala huuacha mlango wake ukafunguliwa na kufungwa na kila mgeni, na mshonaji huliona vazi lake likipita barabarani siku ya Idi, lakini iko kazi moja, ya kike kwa desturi na ya kale kwa asili, ambayo siku inapokamilika kwa uzuri wake wote ndiyo siku inapofunikwa, na mwenye kuitenda huondoka akijua kwamba hapana jicho la mpita njia litakaloiona, wala ulimi utakaoisifu, mpaka wiki kadhaa zipite naye aitwe mwenyewe kuifumua. Kazi hiyo ni ususi wa nywele zinazokwenda kukaa chini ya wigi, nami nataka kuisifu hapa kwa kuwa sijaona wanaoisifu.

Katika nyanda za juu za Kigoma, tangu Murungu na Kibondo mjini hata Kasulu, wigi limekwisha kuwa vazi la kila siku. Mwalimu hulivaa akienda kufundisha, muuguzi akienda zamu, mwenye kibanda akienda sokoni kuuza maharage. Na msichana aliyemaliza kidato cha nne hulitazamia kwa shauku kubwa kuliko wote, kwa sababu shule zetu za serikali humtaka mwanafunzi akate nywele ziwe fupi, hata akatoka huko na kichwa ambacho tangu utoto hakijapata kuachiwa nywele zikakua. Huyu wa mwisho ndiye anishughulishaye zaidi. Nywele zake ni changa, hazijazoea mafuta wala uzi, naye hazijui tabia zake, maana hakupata kuketi jioni magotini pa mama yake zikachanwa. Na jambo la kwanza alitakalo ni kuzifunika. Simlaumu hata kidogo. Pambo ni haki ya kijana, na wigi ni sitara ya heshima kwa kichwa kinachongojea nywele zake. Ila sitara hiyo yaweza kuwa rehema au yaweza kuwa dhuluma, na hukumu baina ya mawili hayo imo mkononi mwa msusi.

Nywele za kipilipili zina tabia ambayo asiyeijua huidhani kuwa ukaidi. Unywele mmoja hutoka kichwani ukijizungusha, ukajikunja mara nyingi kabla haujafika urefu wa kidole, na kila palipo na kikunjo ndipo palipo na udhaifu wake, ndipo ukatikapo ukivutwa. Tena yale mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe, ambayo katika nywele za singa huteremka kwa wepesi mpaka nchani, katika kipilipili hukwama karibu na shina, na ncha zikabaki kavu. Hukua polepole pia, aghalabu pungufu kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, hivyo kilichokatika kwa pupa ya asubuhi moja chaweza kudai nusu mwaka au zaidi kukirudisha. Sasa zichukue nywele za tabia hii uzipeleke Kibondo mwezi wa Julai, wakati mvua zimekwisha koma, asubuhi ina baridi ya kuvalia sweta, mchana upepo ni mkavu, na vumbi jekundu la barabara limetua juu ya majani ya migomba na juu ya vichwa vya watu kwa usawa. Utakiri kwamba kuzifunika si anasa tu. Mafuta ya kuzitunza hayapo mbali. Kutoka ukanda wa ziwa, panapostawi michikichi, hupandishwa huku juu mawese ya kupikia na pamoja nayo mafuta ya mise, yanayokamuliwa katika kokwa za chikichi, mazito, yenye harufu ambayo si kila mtu huipenda, lakini wako mabibi wasiokubali kuyabadilisha na chupa yoyote ya dukani.

Yuko msusi mmoja wa Kibondo, mwanamke wa makamo asiye na kibao mlangoni, ambaye nimeketi barazani pake mara nyingi nikimtazama. Huanza kwa maji, si kwa chanuo. Hunyunyiza mpaka nywele zilegee, hutia tone la mafuta ya mise viganjani na kulisugua mpaka lipate moto, kisha huzipitisha nywele vidoleni akizitenga kwa subira, akianzia nchani na kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea shinani, maana achanaye kutoka shinani huvikusanya vifundo vyote mahali pamoja na kuvikata. Ndipo huchora njia kwa mkia wa kitana. Msuko wenyewe ni twende kilioni, ule ule wa kawaida usio na madaha, mistari ielekeayo kisogoni. Lakini uangalie unavyosukwa. Kila mstari huuanza kwa nywele chache mno, akiziongeza kadiri anavyorudi nyuma, wala hauanzishi penye ukingo wa uso: zile nywele laini za panja huziacha nje kabisa, ziwe huru, kana kwamba hazimo katika mapatano. Akifika katikati husimama na kusema, “Dada, hebu nyanyua nyusi.” Mteja huzinyanyua. Ngozi ya paji ikikunjamana vizuri, kazi huendelea. Ikiwa imekaza kama ngoma, mstari ule hufumuliwa papo hapo, hata kama ulikuwa umenyooka kuliko yote, na hapana anayeombwa radhi wala anayenung'unika. Mwisho huzilaza ncha kisogoni, moja hapa na moja pale, asizirundike pamoja, kwa sababu rundo moja huwa nundu, na nundu ndiyo inayoliinua wigi na kulifanya livutwe siku nzima. Huzishikiza kwa uzi uliolegea, akavika kofia laini ya satini, na juu yake ndipo wigi hukaa, bila gundi.

Husema kuwa mkono huo alifunzwa na dada wa Kikongo, katika miaka iliyofuata 1996, wakati kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya watu waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Dada huyo alikuwa akisuka kwa uzi mweusi, akiuzungusha katika kila fungu la nywele mpaka likasimama lenyewe, ufundi ambao huzinyoosha nywele bila moto na bila dawa. Na alikuwa akimwambia mwanafunzi wake aufunge uzi huku akizungumza habari nyingine, kwa kuwa mtu anayekaza meno hukaza na vidole.

Mkono mzito hauna dawa ya haraka. Kwanza hutokea vipele vidogo kandokando ya mistari, navyo mtu huambiwa ni vya kawaida, vumilia, siku ya tatu vitapoa. Kisha nywele za panja hupungua, zikawa malaika tu. Na mvuto ukiendelea mwaka baada ya mwaka, shina lenyewe hufa na mahali pake pakawa kovu, na hapo hapana mafuta duniani yatakayoliotesha. Daktari Nonhlanhla Khumalo na wenziwe wa Cape Town walipowachunguza watu wazima wa mtaa mmoja wa mji huo, wakatoa habari yao mwaka 2007, waliona karibu theluthi moja ya wanawake wamepungukiwa na nywele kwa sababu ya kuvutwa. Theluthi moja! Wala hawa hawakupatwa na maradhi. Walipatwa na urembo uliotendwa kwa pupa, na aghalabu kwa mikono ya watu waliowapenda. Ubaya wa wigi katika jambo hili ni kwamba hulificha kosa linaloletwa nalo: kadiri panja zinavyorudi nyuma, ndivyo mwenye nazo anavyozidi kulihitaji wigi, na ndivyo anavyozidi kulibana.

Wigi lenyewe ni la kale, nalo lilijua kukaa vizuri juu ya kichwa kabla ya sisi kuligombania. Mwaka 1906 Mtaliana Ernesto Schiaparelli alilifungua kaburi la Kha, msimamizi wa kazi za mfalme huko Misri, na mkewe Merit, waliozikwa yapata miaka 3,400 iliyopita, akalikuta wigi la bibi huyu, la nywele za watu, limetunzwa ndani ya kasha lake. Leo limo katika jumba la makumbusho la Torino. Wamisri walikuwa wakiyashikiza mawigi yao kwa nta ya nyuki, nta ambayo Kibondo yetu inayo maridhawa. Nywele za mawigi ya leo, zile za watu, nyingi hutoka India, ambako mahujaji hunyoa vichwa vyao katika hekalu la Tirumala, zikapelekwa China, katika mji wa Xuchang, kushonwa. Na yale ya bei nafuu, ambayo ndiyo tunayoyaona zaidi huku, ni ya nyuzi za plastiki, yapitayo Kariakoo na kupanda gari mpaka kwetu.

Nchini mwetu wigi limepata kuwa jambo la siasa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kulipiga marufuku, pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi, na Operesheni Vijana ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Miaka 50 baadaye, mwaka 2019, serikali ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zitokazo nje na asilimia 10 kwa zitengenezwazo nchini. Vijana wale wa TANU waliutetea utu wa Mwafrika, na kwa nia yao ninawaheshimu. Lakini wao kwa marufuku na hawa wa baadaye kwa ushuru walilitazama wigi, wasikitazame kichwa. Laiti azimio moja tu lingalitaka kila msusi afundishwe kuitambua ngozi iliyovutwa kupita kiasi, nadhani panja nyingi zingalisalimika.

Utunzaji wenyewe, siku hata siku, si mgumu, ila unadai uaminifu. Wigi hulala nje ya kichwa, kila usiku bila ajizi, nacho kichwa hufungwa kitambaa laini, kwa maana foronya ya pamba hunywa mafuta na kusugua. Kila wiki moja au mbili kichwa huoshwa, misuko ikiwa imo, kwa maji ya vuguvugu na povu jepesi lipitishwalo katikati ya njia kwa ncha za vidole. Na hapa ndipo masika hutushinda, kwa kuwa nywele zilizosukwa huchelewa kukauka, na mwenye haraka hulitia wigi juu ya unyevu. Joto na unyevu vikikutana gizani mba hustawi, na choa hupata makao; kwa hiyo afadhali kuchelewa kazini kuliko kufunika kichwa kibichi. Wigi nalo hufuliwa peke yake, likaangikwa kivulini. Na mwenye kupika kwa kuni, yaani wengi wetu, alivue kabla ya kuinamia moto, kwa sababu wigi la plastiki halingojei mwali: joto tu huziyeyusha nyuzi za mbele, na nimemwona jirani aliyetoka jikoni na alama ya hayo kwenye paji la uso.

Baada ya wiki sita, au nane kwa mwenye nywele zenye nguvu, msuko hufumuliwa. Nami naamini kufumua ni daraja ya juu kuliko kusuka. Msusi hukata uzi wa kisogoni, asiguse nywele, kisha huanza kwenye ncha kwa vidole vitupu, akisimama kila penye uchafu na nywele zilizoganda ili apalainishe kwa mafuta. Mrina asali wa misitu ya huku hufanya vivyo hivyo mzingani: hutia moshi kidogo, hungoja, hutoa masega yaliyoiva na kuyaacha yenye watoto mahali pake, ili nyuki wasihame. Mteja wa mara ya kwanza, aonapo bonge la nywele lililobaki kwenye chanuo, hushtuka na kulia kwamba wigi limemmaliza. Lakini kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku, na zile za siku arobaini na kitu zilikuwa zimeshikwa katika msuko, zisipate pa kuangukia. Msusi mwema huliweka bonge hilo mkononi mwa mteja na kumweleza hesabu yake, ndipo alitupe.

Juma moja alikuja kwa yule msusi wa Kibondo msichana aliyetaka kusukwa kwa ajili ya arusi ya dada yake siku ya pili. Msusi alimvua wigi, akazitenga nywele za mbele, akaona vipele vyenye usaha vimefuatana ukingoni mwa uso, kazi ya mtu mwingine ya wiki iliyopita. Akakirudisha kitana katika kopo. “Mwanangu, leo sisuki,” alisema. Msichana alisihi, kisha akaahidi kulipa maradufu. Yule mama alimfumua mistari yote ya mbele bila malipo, akamwagiza aoshe kwa maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, asipake mafuta penye usaha, aende zahanati usipokauka, na arusini afunge kilemba cha kitenge, ambacho alijitolea kumfunga yeye mwenyewe. Msichana alishukuru kwa adabu, akavuka barabara, akasukwa na msusi wa pili jioni ile ile. Sikumsikia mama yule akisema neno juu yake. Alimwita aliyefuata aketi, akamwuliza nywele zake aliziosha lini.