"Lakini" na "bali" si kitu kimoja

"Hakuja kwa baiskeli, lakini kwa miguu." Utaielewa sentensi hii, ila sikio lililolelewa na Kiswahili litakwaruzika. Palitakiwa "bali". Sasa sikiliza hii: "Hakuja kwa baiskeli, lakini aliwahi." Hapa "bali" haiingii kabisa.

"Lakini" huiacha kauli ya kwanza isimame, kisha hukata tarajio lililozaliwa nayo: tulidhani asiye na baiskeli atachelewa. "Bali" hufuta kitu na kuweka kingine mahali pake, ndiyo maana hudai ukanushi utangulie. Maneno yote mawili yametoka Kiarabuni, na Kiswahili kikayapa kila moja zamu yake. Wajerumani nao wana aber na sondern, Wahispania pero na sino.

Je, anayeunda lugha mezani afanyeje? L. L. Zamenhof, aliyechapisha Kiesperanto mjini Warsaw mwaka 1887, alikijua Kijerumani vizuri. Hata hivyo alichukua neno moja tu la Kilatini, sed, akalibebesha kazi zote mbili. Mwanafunzi amepunguziwa mzigo. Msikilizaji ndiye anayebaki kupima kama anasahihishiwa jambo au anavunjiwa tarajio.

Lojban, lugha nyingine ya kuundwa, ilichagua njia ninayoipenda zaidi. Mwanamantiki Gottlob Frege alishaonyesha mwaka 1879 kwamba "na" na "lakini" havitofautiani kwa ukweli wa kauli. "Amekuja na amechelewa", "amekuja lakini amechelewa": ikiwa moja ni kweli, nyingine pia ni kweli. Kilichoongezeka ni jicho la msemaji. Basi Lojban huunga kauli kwa neno la "na", kisha huchomeka ku'i, kineno kinachotangaza kwamba msemaji anaona ukinzani. Kazi mbili zilizofichwa ndani ya "lakini" yetu zimewekwa wazi, kila moja na neno lake.

Toki Pona, lugha ndogo ya Sonja Lang, ina taso, lenye maana ya "tu" na pia "lakini". Limetoka kwenye tasol ya Tok Pisin, huko Papua New Guinea. Msishangae: "ila" yetu nayo ilianza kama "isipokuwa", na leo kijiweni tunasema, "Nimemwona, ila hakunisalimia."

Wahariri wenzangu, kabla habari haijasomwa hewani, kagueni kila "lakini" inayofuata ukanushi. Kama sehemu ya pili inaisahihisha ya kwanza, wekeni "bali".