Jinsi Mtu Mmoja Alivyoujaza Mkanda

Mkabala na Mbamba Bay, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, iko Nkhata Bay ya Malawi. Huko ndiko anakotoka Gasper Nali, mwanamuziki aliyejipatia jina kwa kuwa bendi nzima peke yake. Chombo chake ni babatoni, besi ya kujitengenezea yenye waya mmoja na urefu wa kama mita tatu. Mkono mmoja unaupiga waya kwa kijiti, wa pili unatelezesha chupa tupu ya bia juu ya waya huohuo ili kubadilisha noti, mguu unakanyaga pedali ya ngoma kubwa, na koo linaimba. Video ya wimbo wake "Abale Ndikuwuzeni", iliyorekodiwa ufukweni, imetazamwa mara mamilioni mtandaoni. Besi, ngoma, sauti ya mtu: tatu zimepatikana, na viungo vya mwili vimekwisha.

Sasa tuseme mtu huyohuyo anataka sauti ishirini. Anataka piano, vinanda, magitaa ya aina tano, kengele na kwaya, yote katika kipande kimoja cha dakika 25 kisicho na maneno, kinachopanda na kushuka kama simfoni lakini kinapigwa kwa vyombo vya roki. Mwili hautoshi. Inabidi kutafuta mahali pa kuhifadhi sauti ya kwanza wakati ya pili ikipigwa. Kazi moja iliyolifanya jambo hilo lijulikane dunia nzima ni albamu ya mwanamuziki Mike Oldfield, *Tubular Bells*, iliyotoka Uingereza tarehe 25 Mei 1973. Alipoanza kuirekodi alikuwa na miaka 19.

Sifa aliyopewa mara nyingi ni kwamba alijua vyombo vingi. Ni kweli, lakini wajuzi wa vyombo vingi walikuwapo kabla yake na wapo hadi leo, wengine wakipiga harusi na misa Jumamosi hadi Jumapili. Kilichomtofautisha ni jinsi alivyopambana na kasoro moja ya mkanda wa sauti ambayo wasikilizaji wengi hawaifikirii: mkanda husikiliza upande mmoja tu. Anayepiga safu ya pili anaisikia ya kwanza. Safu ya kwanza haitaisikia ya pili kamwe, kwa kuwa imeshapigwa.

Watu wa mwambao wa Ruvuma wanao mfano mzuri wa kinyume chake. Mganda, ngoma ya Wanyasa, Wamanda na majirani zao wa Umatengo, ilienea kuzunguka ziwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiiga bendi za tarumbeta na gwaride za majeshi ya kikoloni. Mwanahistoria Terence Ranger aliiweka katika ukoo mmoja na ngoma ya beni kwenye kitabu chake cha 1975, *Dance and Society in Eastern Africa*. Mahali pa tarumbeta za shaba pamechukuliwa na vibuyu. Kila kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na mpigaji anaimbia ndani yake, utando ukitetemeka na kuipa sauti mkwaruzo wa shaba. Vibuyu vikubwa hutoa sauti nzito, vidogo sauti nyembamba, na ngoma kubwa inashika mwendo. Hapo kila mmoja anawasikia wote papo hapo: kibuyu kikubwa kikichelewa, vidogo vinavuta pumzi na kukisubiri, ngoma ikikaza, miguu yote inakaza. Usikivu unakwenda pande zote. Oldfield, akiwa peke yake na mkanda, hakuwa na hata nusu ya usikivu huo.

Alianza na mashine ya kuazima. Mwaka 1971, baada ya kuvunjika kwa bendi ya Kevin Ayers ambamo alipiga besi, alibaki katika nyumba ya kupanga Tottenham, kaskazini mwa London, na rekoda ya Bang & Olufsen Beocord aliyoazimwa na Ayers. Ilikuwa na traki, yaani njia za kurekodia, mbili tu. Katika rekoda ya namna hiyo mkanda hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, kinachosafisha kila kilichokuwamo, ndipo unapofika kwenye kichwa cha kurekodia. Oldfield aligundua kwamba akikiziba kichwa cha kufutia, sauti ya zamani inabaki na mpya inakaa juu yake. Hivyo aliweza kupiga gitaa, kurudisha mkanda, akapiga besi juu ya gitaa, kisha kinanda juu ya vyote.

Hila hiyo ina gharama. Kichwa cha kurekodia hupitisha, pamoja na muziki, mkondo wa umeme wa masafa ya juu sana unaousaidia mkanda kushika sauti vizuri. Mkondo huo hula sehemu ya kilichorekodiwa kabla, na huanza na sauti nyembamba: mng'ao wa nyuzi, mlio wa tuazi, herufi "s" kinywani mwa mwimbaji. Kila safu inayoongezwa inazifanya za chini yake kuwa butu. Tena hakuna kurudi nyuma: ukikosea safu ya nne, umeziharibu tatu za mwanzo pamoja nayo. Anayefanya kazi katika hali hiyo hujifunza haraka kupanga muziki kichwani kabla ya kugusa chombo, na huenda shule hiyo ngumu ndiyo iliyomfaa zaidi Oldfield kuliko darasa lolote la nadharia.

Makampuni kadhaa ya muziki yaliikataa kanda yake ya majaribio. Hatimaye ilifika The Manor, studio ya Richard Branson katika kijiji cha Shipton-on-Cherwell, Oxfordshire, ambako mafundi Tom Newman na Simon Heyworth waliipenda. Mwishoni mwa 1972 alipewa wiki moja. Mashine ya hapo ilikuwa Ampex ya traki 16, mkanda wenye upana wa inchi mbili. Sehemu ya kwanza yote ilirekodiwa ndani ya wiki hiyo. Ya pili ikachukua miezi, ikirekodiwa saa ambazo wateja wengine hawakuihitaji studio.

Safu ya kwanza ilikuwa piano, na hapo tatizo la usikivu likajitokeza mara moja. Oldfield alikuwa ameipenda kazi ya Mmarekani Terry Riley, *A Rainbow in Curved Air* ya 1969, ambayo nayo ilijengwa na mtu mmoja kwa kurundika safu za vinanda. Alitaka mzunguko wa noti unaojirudia kama wa Riley, lakini akauondolea pigo moja: badala ya noti fupi 16, zikawa 15, fungu la noti saba likifuatwa na fungu la noti nane. Sikio lililozoea mapigo manne kwa manne linangoja noti moja zaidi, nayo haiji. Mzunguko umeshaanza upya. Ungeupiga mganda kwa mzunguko huo, gwaride lingejikwaa kabla halijamaliza duru mbili, kwa sababu mwanzo wa duru ya kwanza ungeangukia mguu ulio chini na wa pili mguu ulio hewani. Na ukiweka juu yake ngoma ya mapigo 16, piano na ngoma zitakutana tena mwanzoni baada ya noti 240, yaani duru 16 kamili za piano. Ndiyo maana mwanzo ule unaonekana kutembea bila kufika, na ndiyo maana ulifaa filamu ya kutisha *The Exorcist*, iliyotoka Desemba 1973 na kuipeleka albamu hiyo Marekani.

Shida ni kwamba mzunguko usiokaa sawa ni mgumu kuupiga kwa mwendo usioyumba, na mwendo ukiyumba kwenye safu ya kwanza, kila kitakachofuata kitayumba nao. Safu ya kwanza ya mkanda ni kama nyasi za ngolo, kilimo cha mashimo cha Umatengo: Mmatengo anayezipanga nyasi vibaya kwenye miraba, kabla ya udongo kumwagwa juu, hawezi kuzinyoosha baadaye kwa jembe, shamba zima litafuata mstari uliopinda. Newman alitegesha metronomu mbali kidogo na chumba cha kurekodia na kuipeleka sauti yake kwenye vipokea sauti vya masikioni vya Oldfield. Leo kila programu ya muziki ina kibonyezo cha kazi hiyo. Mwaka 1972 kilikuwa kifaa cha mbao kinachotikisa mshale mbele ya maikrofoni.

Lakini metronomu haisikilizi vilevile. Inatoa mwendo, haitoi mwitikio. Njia ya pili ya Oldfield ndiyo ya ustadi zaidi, nayo ni ya utunzi: alitunga muziki usiohitaji mwitikio wa papo hapo. Safu za chini ni mizunguko inayojirudia bila kubadilika. Chombo kipya kinaingia juu, kinasema lake, kinatoka. Anayezunguka hahitaji kumjibu anayeingia. Anachotakiwa ni kutotetereka.

Mwisho wa sehemu ya kwanza unaonyesha mbinu hiyo waziwazi hadi ikawa mchezo. Gitaa la besi linashika mzunguko mmoja kwa dakika kadhaa. Vivian Stanshall wa Bonzo Dog Doo-Dah Band, ambaye alikuwa amefika The Manor kwa rekodi za bendi yake, anatangaza vyombo kimoja kimoja kama mshereheshaji wa harusi, kuanzia piano hadi kengele za mirija zilizoipa albamu jina lake. Kila kinachotajwa kinapiga wimbo uleule juu ya besi ileile. Kimantiki, hakuna linalotokea. Kwa msikilizaji, jumba linajengwa tofali kwa tofali mbele ya macho yake, na majina yanayotajwa yanamfundisha kuzisikia safu ambazo vinginevyo zingemezana.

Kuna hila ndogo mbili humo zinazostahili kutajwa. Gitaa linalotangazwa kuwa la kasi maradufu lilirekodiwa mkanda ukienda nusu ya kasi. Uliporudishwa kwenye kasi ya kawaida sauti ilipanda oktava moja na kila mdonoo ukawa mfupi, hata gitaa likakaribia mandolini. Nazo kengele zilikuwa studioni baada ya mwanamuziki John Cale kumaliza kurekodi. Oldfield aliziona zikiondolewa, akaomba zibaki. Nyundo laini ya kawaida haikumpa ukali aliotaka, akatumia nyundo ya chuma.

Je, alikuwa peke yake kweli? Hapana, na pale alipoomba msaada panaeleza mengi. Steve Broughton alipiga ngoma katika sehemu ya pili, Jon Field alipiga filimbi, dada yake Sally na Mundy Ellis waliimba. Ngoma na koo, vitu vinavyoishi kwa kuitikiana, ndivyo, kwa sehemu kubwa, alivyowaachia wengine.

Jambo hilo lilizidi kuonekana miaka miwili baadaye. Kwa *Ommadawn* ya 1975 alikuwa na studio yake nyumbani, Herefordshire, mashine ya traki 24, muda wa kutosha na mtaji. Angeweza kurundika ngoma zake mwenyewe usiku kucha. Badala yake aliwaita Jabula, kundi la Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni London likiongozwa na mpiga ngoma Julian Bahula, nao wakapiga pamoja. Ukisikiliza mwisho wa sehemu ya kwanza, ngoma zinasogea: zinakaza kidogo gitaa linapopiga kelele, zinalegea, zinakaza tena. Safu za mtu mmoja hazisogei hivyo. Kwa maoni yangu, dakika hizo zina uhai kuliko chochote ndani ya *Tubular Bells*.

Mkanda wenyewe nao ulimgomea. Aliurudisha na kuupiga mara nyingi hata unga wa sumaku ukaanza kubanduka, ikabidi sehemu ya kwanza irekodiwe upya. Mwaka huohuo Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na wenzake wa Queen walikuwa wakirundika sauti zao katika "Bohemian Rhapsody" hadi mkanda ukachakaa na kuanza kupitisha mwanga.

Ugumu wa kupiga na wengine ulikuwa umeonekana mapema. Tarehe 25 Juni 1973, mwezi mmoja baada ya *Tubular Bells* kutoka, albamu hiyo ilipigwa jukwaani Queen Elizabeth Hall, London. Kundi kubwa la wanamuziki lilihitajika, akiwamo Mick Taylor wa Rolling Stones, na Oldfield alikuwa na wasiwasi mkubwa wa kusimama mbele ya watu. Alikuwa amezoea wenzake waliokwisha kupiga.

Miaka thelathini baadaye aliirekodi *Tubular Bells* yote upya kwa kompyuta, akaitoa 2003. Kunakili hakukubandua chochote tena, traki hazikuwa na kikomo, na kasoro za tuni na mwendo zilizomkera tangu ujanani zikanyooshwa. Stanshall alikuwa amefariki 1995, hivyo vyombo vilitangazwa na John Cleese. Piano ya mwanzo sasa haiyumbi. Kwenye rekodi ya 1973, ukiweka vipokea sauti masikioni, unamsikia kijana akiifukuza metronomu: noti moja inawahi, nyingine inachelewa, na kinanda kilichoingia baadaye kinalazimika kumfuata.