Kabla Refa Hajapuliza Kipenga

Ukiingia ukumbi wa ndani wa Kasarani taa zote zikiwa zimewashwa, utaapa kwamba mwanga umejaa tele. Jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe bila hata kumwarifu mwenyewe. Kamera haidanganyiki hivyo. Kwa hesabu yake, ukumbi wa kawaida wa michezo una mwanga usiofika hata sehemu moja ya mia ya jua la saa sita mchana. Na humo ndimo mpiga picha anamotakiwa kumnasa mchezaji wa voliboli akiwa hewani, mkono wake juu ya wavu wa mita 2.24, mpira ukimtoka kiganjani kwa kasi ya basi la Mombasa.

Napenda kuwatazama watu wa kazi hii kuliko ninavyopenda kuzitazama picha zao. Sehemu kubwa ya ufundi wao humalizika mechi haijaanza.

Tuanze na shata. Smashi ya kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukiweka shata kwenye 1/125 ya sekunde, ambayo kwa harusi inatosha kabisa, mpira utasafiri sentimita 22 kabla shata haijafunga. Huo ni upana wa mpira wenyewe na ziada kidogo, kwa hiyo pichani utaona mfuto wa rangi tu. Kwenye 1/500 husogea sentimita tano na nusu. Kwenye 1/1000 hazifiki tatu, na hapo ndipo maandishi ya mpira huanza kusomeka na vidole kuonekana vilivyojikunja juu yake. Wenye kazi yao hung'ang'ania 1/1000, na ukumbi ukiwa hafifu hushuka hadi 1/800 au 1/640 kwa shingo upande.

Kasi hiyo inanyima kamera mwanga, kwa hiyo tundu la lenzi hufunguliwa hadi mwisho: f/2.8. Ndiyo maana utawaona wamebeba ile lenzi nene ya 70-200, nzito na ya bei ya kutisha. Asiyekuwa nayo hununua ya milimita 85 yenye f/1.8, ambayo ni nafuu mno, halafu miguu yake ndiyo inayosogeza picha karibu au mbali. Lakini tundu kubwa nalo lina gharama. Kwa lenzi ya milimita 200 kwenye f/2.8, mchezaji akiwa umbali wa mita 10, eneo linaloonekana kali ni kama sentimita 40 tu kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi ikidaka wavu, uso umekwenda.

Kinachobaki ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, na hapa hupandishwa hadi 3200, hata 6400, bila kuomba radhi. Wanaoanza huogopa chenga, zile punje zinazotapakaa pichani. Mimi nawaambia chenga husameheka, tena gazetini hazionekani, ila uso uliotikisika hauna dawa. Enzi za filamu ilikuwa taabu zaidi: filamu ya 400 ilipigwa kana kwamba ni ya 1600, kisha ikacheleweshwa kwenye dawa ya kusafishia, na mtu akarudi nyumbani hajui amepata nini.

Kisha kuna taa zenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kumbi za zamani hupwesa mara 100 kila sekunde. Wewe huoni lolote, lakini shata ya 1/1000 hudonoa kipande kidogo tu cha mpweso huo: fremu moja hutoka njano, inayofuata kijani, ya tatu imezama gizani. Mpiga picha makini hupiga mfululizo ukuta mtupu, timu zikiwa bado zinapasha misuli, aone taa zinamfanyia nini. Kamera za karibuni zinaweza kusubiri kilele cha mpweso ndipo zifyatue; Canon waliiweka hiyo kwenye 7D Mark II mwaka 2014.

Kipimamwanga cha kamera hakiachiwi uamuzi. Jezi nyeupe na kuta nyeupe hukidanganya, na wachezaji wetu weusi hutoka wamegeuka vivuli. Fundi hupima uso, hufunga vipimo vyote kwa mkono, basi. Kuupiga uso gizani ukitumaini kuuangaza baadaye kwenye kompyuta ni uvivu, na huzaa chenga mbaya kuliko za ISO 6400.

Kipenga kikilia, kamera haina la kumuuliza mpiga picha tena. Macho yake yako kwa seta, si kwa mpira. Mabega ya seta yakigeuka, fokasi endelevu tayari iko kwa mpigaji aliyeanza kukimbia, na kidole hufyatua sekunde chache kabla ya kishindo kusikika... hapana, hata sekunde haifiki. Ukisubiri uone mkono ukigusa mpira, umeshachelewa.

Seti ikiisha timu hubadilishana upande, naye hukagua fremu moja tu, ameivuta hadi kwenye jicho la mchezaji. Wengi hubaki walipo, ili seti inayofuata wapate nyuso za timu ya pili. Seti ya tano ndiyo huwaponza wageni: upande hubadilishwa timu moja ikifika pointi 8, na asiyejua hujikuta anapiga migongo ya timu aliyotumwa kuipiga.