Tanuri Moja, Vyungu vya Wengi

Katika karakana ya pamoja, kikombe cha mwanafunzi aliyeanza juzi hupangwa ubavuni mwa chungu cha fundi mzee, moto ukavipitia vyote viwili. Kikombe hicho kikiwa hakijakauka sawasawa, maji yaliyobaki ndani ya kuta zake hugeuka mvuke joto likifika nyuzi 100, nacho hupasuka, vigae vikamrukia jirani. Hapo ndipo ilipozaliwa adabu ya wafinyanzi wanaochangia tanuri, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Mtazame mwanafunzi aliyefundwa vizuri anapomaliza kazi. Hashiki ufagio. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na chembe zake laini huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mfagiaji kwenda zake. Anayezivuta mwaka baada ya mwaka huharibika mapafu. Kwa hiyo huchukua sponji na ndoo, akapangusa meza, gurudumu, na sakafu iliyo chini ya kigoda chake. Maji hayo hayamwagi kwenye sinki, maana udongo hutuama ndani ya bomba ukaliziba. Huyaacha ndooni usiku kucha; asubuhi maji yako juu, tope limekaa chini. Tope huenda kwenye pipa la mabaki, likandwe upya. Udongo ambao haujaona moto haustahili kutupwa, na karakana nzuri utaitambua kwa pipa hilo kabla hujaangalia rafu zake.

Pipa lina mwiko mmoja mkubwa: plasta. Udongo uliolowa hutandazwa juu ya bamba la plasta linyonye maji, na mtu mwenye haraka akilikwangua kwa chuma, chembe humeguka na kuingia udongoni. Haionekani. Ikichomwa hugeuka chokaa, na majuma kadhaa baadaye, ikishanyonya unyevu wa hewa, huvimba na kubandua kipande cha bakuli la mtu ambaye siku ile hata hakuwapo. Ndiyo maana mkono mwepesi juu ya bamba la plasta hunifurahisha kuliko mtungi mrefu uliosimama vizuri kwenye gurudumu.

Glezi nayo ina mambo yake. Ni madini yaliyosagwa yakachanganywa na maji, ambayo tanurini huyeyuka na kuwa kioo. Ikiachwa kwenye kitako, chombo hugandamana na kibao cha tanuri, na kukibandua ni kuharibu vyote viwili. Mwanafunzi mwangalifu hupangusa kitako, akaacha na ukanda mwembamba mtupu juu yake, kwa kuwa glezi hutiririka. Huandika pia aina ya udongo wake. Udongo unaoiva kwenye nyuzi 1,050 au karibu na hapo, ukiingizwa kimakosa kwenye mchomo wa nyuzi 1,280, huyeyuka ukamwagikia kazi za wenzake.

Mfano ninaoupenda wa kuchangia tanuri uko Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi huko Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Mwaka 1954 Ladi Kwali alijiunga nacho, akiwa tayari ni mfinyanzi hodari. Alijifunza glezi na moto mkali wa tanuri la kuni, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuijenga kwa mkono, akiizunguka yeye mwenyewe, akaichora mijusi na nge. Ikachomwa pamoja na kazi za gurudumu. Katika miaka ya 1970 alifika hapo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, akajifunza kujenga vyungu kwa mkono. Vyungu vilivyompatia jina havina glezi hata tone. Hung'aa kwa kusuguliwa.

Kwa mwanafunzi, heshima kubwa ni kuachiwa apakie tanuri. Huinua kila chombo kwa mikono miwili, kamwe hashiki mkono wa kikombe, akakigusisha shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji, nacho hurudi rafuni hadi mchomo mwingine. Chenye glezi hukigeuza atazame kitako. Akiona tone limesahauliwa, hulipangusa, awe anamjua mwenyewe au hamjui.