Sifa ya Fundi wa Wota Pampu

Mbeya tunasifika kwa mambo ya nchi kavu: viazi vya Uporoto, kahawa, parachichi za Rungwe, malori yanayopanga foleni kuelekea Tunduma. Ni mpaka mtu ateremke kutoka Uyole, aipite Tukuyu, aanze kuvua sweta njiani, ndipo anakumbuka kwamba mkoa huu una ziwa. Matema barabara inaishia mchangani, na Milima ya Livingstone inatumbukia ziwani bila kuacha nafasi ya kutosha hata kwa shamba. Ng'ambo ya pale kuna Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi, na vyungu vyao hufika gulioni Matema kwa njia ya maji. Mjamzito naye hupita njia hiyohiyo. Kwa hiyo ninapomsifu fundi wa mashine za boti, zile za kupachika, nazungumzia mtu ambaye mwambao mzima unamtegemea, ingawa hana kibao wala karakana.

Mashine anazozitengeneza nyingi ni za zamani, zile zinazochanganya oili na petroli, zilizokwisha kupita kwenye mikono ya matajiri wawili watatu kabla ya kufika huku ziwani, Kyela. Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine zake za kupachika mjini Milwaukee mwaka 1909. Yamaha wakatoa ya kwanza yao mwaka 1960. Mwaka 2020 kampuni ya BRP ya Kanada, iliyokuwa imelirithi jina la Evinrude, ikatangaza kwamba haitengenezi tena mashine hizo. Viwanda hufungwa, lakini chuma hubaki, na kinaendelea kufanya kazi mahali ambapo bado yupo mtu wa kukifungua na kukifunga.

Kinachokwisha mapema zaidi ndani ya chuma hicho ni mpira. Chini kabisa, juu ya giaboksi, ndani ya mguu wa mashine, imekaa impela ya wota pampu: kitu cha mpira kinachoenea kiganjani, chenye mapanga ambayo mara nyingi ni sita, kilichovishwa kwenye shafti inayoshuka kutoka kwenye injini. Nyumba yake haikuchongwa katikati sawasawa. Upande mmoja umebana, upande mwingine una nafasi. Impela ikizunguka, panga linajikunja likifika pembamba na kujinyoosha likifika papana, na katika kule kujikunja na kujinyoosha maji yanavutwa kutoka ziwani na kusukumwa juu kwenye bomba, yakaipoze silinda. Mashine ikienda kwa kasi sana, mapanga hayapati tena muda wa kujinyoosha mpaka mwisho, na hapo impela huyarusha maji kwa nguvu ya mzunguko. Sijui kifaa kingine cha bei ndogo namna hii chenye akili mbili za kufanyia kazi moja.

Adui wa impela kule Kyela ni mchanga. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinamwaga ziwani, na Kyela mvua haina mzaha. Masika maji ya kando ya fukwe huwa ya udongo, na boti inapoingia kupakia kwenye kina kifupi, mguu wa mashine hunyonya kila kinachopita. Fundi wa Mafia au Unguja anapigana na chumvi. Boliti zake hushikana na aluminiamu mpaka zikatike. Wa Ziwa Nyasa boliti zinamtii kwa sababu maji hayana chumvi, lakini akifungua anakuta bamba la chini ya impela limechorwa mifereji ya duara, na ncha za mapanga zimelika. Maji yanayotoka kwenye tundu la nyuma huwa yamepungua nguvu wiki nyingi kabla, na mwenye boti amekuwa akijiambia kwamba yanatosha.

Fundi mmoja wa huko, mtu mzima anayefanyia kazi chini ya mwembe, nilimtazama akianza na waya. Alilizibua kwanza lile tundu, maana mara nyingine ni uchafu tu umeziba, na hakuna haja ya kumlipisha mtu kwa uchafu. Maji hayakuongezeka. Akazima, akalegeza fimbo ya gia, akafungua boliti za mguu na kuushusha taratibu, shafti ikitoka juu yake ndefu na nyeusi kwa grisi ya zamani. Akafungua nyumba ya pampu, akaivuta juu ya shafti. Impela ikaonekana. Mapanga mawili hayakuwepo.

Hapo ndipo niliiona kazi yenyewe. Impela mpya ilikuwa tayari ndani ya kifuko chake, imesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, na mwenye boti alikwisha kusimama akidhani kilichobaki ni kuivisha. Fundi akatandika kitambaa. Akachokonoa ndani ya nyumba ya pampu, akatoa kipande cha mpira, akakilaza kando ya impela ya zamani, mahali pake. Akatoa kingine, kidogo. Kikakosekana cha tatu.

"Fundi, si tufunge tu? Abiria wananisubiri."

"Subiri, mwanangu. Kipande hakijayeyuka. Kama hakipo huku chini, kimepanda juu."

Akalifungua bomba la maji, akapuliza. Hakuna kitu. Akapanda kwenye kichwa cha injini, akafungua kifuniko cha themostati, na kipande kilikuwa pale, kimelala kwenye njia ya maji. Kingeachwa, impela mpya ingesukuma maji yakaishia kwenye kizibo, na mashine ingechemsha na kunoki ikiwa na spea mpya ndani yake. Mwenye boti hakusema kitu tena.

Yaliyofuata yanahitaji vidole vinavyoona. Bamba lililochorwa kidogo hulainishwa kwa msasa laini uliotandikwa juu ya kioo ili libaki sawa. Lililochorwa sana halina dawa. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikisha impela kwenye shafti hupakwa grisi kisidondoke. Mapanga hupakwa maji ya sabuni, na nyumba hushushwa huku shafti ikizungushwa upande uleule itakaozungukia injini, ili mapanga yalale kama yatakavyolala kazini. Boliti hukazwa kwa kupishana, hii na ya upande wa pili yake. Halafu mguu unapandishwa, na mambo matatu yakutane kwa wakati mmoja gizani: meno ya shafti yaingie kwenye injini, bomba la maji liingie kwenye mpira wake, fimbo ya gia ifike ilipoachiwa. Fundi aliingiza gia, akaigusa rafadha kidogo tu kwa kidole cha mguu, na mguu ukapanda mpaka mwisho. Hakutumia nguvu. Anayetumia nguvu pale hulipinda bomba, na kosa lake hujulikana baadaye, mbali na nchi kavu.

Kazi hiihii inafanyika Iringa, kwenye bwawa la Mtera, upande wa Migoli. Maji mengi ya huko hutoka kwetu: huanzia mito ya Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kwa sehemu kila kiangazi. Bwawa linaposhuka, miti iliyozamishwa zamani husimama nje ikiwa mikavu, na boti za wavuvi hupita katikati yake kwenye tope. Tope halichori bamba kama mchanga. Linaziba matundu ya kuvutia maji, impela inazunguka kavu, na mpira usio na maji huungua upesi sana. Ndiyo maana kule fundi husafisha matundu ya mguu kabla hajagusa spana.

Vyuo vinavyofahamika vya uvuvi viko Mbegani na Nyegezi, safari ya siku nzima au zaidi kutoka Matema. Vijana wetu wakijifunza ufundi hujifunza wa magari na bodaboda. Sioni kwa nini halmashauri zenye maji, Kyela ikiwa ya kwanza, zisimlipe mzee wa namna hii akae na vijana wanne kila kiangazi, kabla ujuzi wake haujaondoka naye.

Mashine ilijaribiwa ndani ya pipa lililokatwa, kamwe si kavu, na maji yakatoka nyuma mfululizo. Fundi akalipwa. Akamwagiza mwenye boti anunue impela nyingine ya akiba mwezi huo huo, aifunge kwenye nailoni pamoja na kile kipande cha chuma na spana mbili, aiweke chini ya ubao wa mbele, na asimwazime mtu, kwa sababu ukishaipita Ikombe kuna sehemu ndefu ya mwamba mtupu ambapo boti haina pa kutia nanga.