Mbao Laini Hutaka Meno Machache

Katika kuchagua bledi ya mashine ya nakshi, wengi hufuata kanuni inayoonekana kuwa na busara: ubao ukiwa laini, chukua bledi yenye meno mengi na madogo ili usichanike. Kanuni hiyo ina kasoro. Paini ni nafuu kuliko mninga au mvule, na humfaa fundi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, anayetoboa nakshi za matundu ya hewa juu ya milango au za mbao za ukingo wa paa. Lakini paini hutaka meno machache yaliyoachana. Bledi yake ipimwe kwanza kwa nafasi iliyo kati ya jino na jino. Wingi wa meno ufuate baadaye.

Sababu inaonekana kwenye kazi yenyewe. Bledi hupanda na kushuka, na meno yake hukata inaposhuka. Kila jino hung'oa chembe za mbao na kuzibeba kwenye pengo lake mpaka zimwagike upande wa chini. Kwenye mninga jino huuma kidogo, kwa hiyo pengo dogo hutosha. Kwenye paini, kwa msukumo uleule wa mkono, jino huzama zaidi na kung'oa chembe nyingi zaidi. Pengo likijaa kabla jino halijatoka, unga hushindiliwa, bledi husugua badala ya kukata, joto hupanda, na utomvu wa paini hulainika na kuganda kwenye meno. Matokeo yake ni kuta za mkato zilizobabuka na kuwa nyeusi, na bledi inayokufa mapema ingawa ubao ni laini. Tena paini nyingi ya nchini hutoka mashamba ya nyanda za juu kusini, kama Sao Hill wilayani Mufindi, ambako miti hukua haraka. Kichwa cha ubao wake huonyesha mistari mipana, myeupe na laini, ikipokezana na myembamba ya kahawia iliyo migumu. Bledi iliyoziba hushindwa kuingia kwenye mstari mgumu, ikateleza kando yake na kuiacha alama ya penseli.

Kwa hiyo mnunuzi aulize bledi yenye meno ya kuruka, yaani jino, pengo pana, kisha jino. Kwa ubao wa milimita 18, bledi namba 5 yenye meno kama 12 kwa inchi ni mwanzo mzuri. Hapo kila jino lina nafasi ya milimita 2 hivi, na meno kama 9 huwa ndani ya ubao kwa wakati mmoja. Kanuni hii ina mpaka wake: meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya ubao, la sivyo bledi hudaka na kuurusha. Ubao ukiwa mwembamba kuliko milimita 6, bledi hiyo haifai tena, na hapo meno ya karibukaribu yana haki yake.

Atakayepinga atasema kuwa meno mengi huacha mkato safi, na nakshi ni kazi ya usafi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Mchaniko unaoudhi zaidi hutokea upande wa chini, pale jino linapotoka likizisukuma nyuzi zisizo na kitu cha kuziegemea. Kuongeza meno bledi nzima hakuutibu sawasawa. Dawa yake ni bledi ambayo meno yake machache ya mwisho yamegeuzwa kuelekea juu, yakazikata nyuzi hizo bledi inapopanda. Mwingine atasema kuwa bledi ya mapengo hukata paini upesi mno, kona ikapitwa. Hilo nalo ni kweli, ila suluhisho ni kupunguza mwendo wa mashine au kushuka hadi namba 3. Namba hueleza unene na upana wa bledi; kwa kona kali punguza namba, lakini usiyaache mapengo.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiwani: dukani huchukuliwa kilichopo. Lakini mahali ambapo bidhaa huvuka bahari kutoka Nyamisati au Dar es Salaam, bledi mbaya ni hasara maradufu, na anayeagiza kwa kutaja aina, namba na ncha hupata nafuu kuliko anayeagiza "bledi za nakshi" tu. Ncha zitajwe kwa sababu bledi yenye pini hudai tundu kubwa la kekee, ilhali ya ncha tupu hupita kwenye tundu dogo. Kwenye nakshi ya kutoboa, kama ile inayopamba roshani za Zahanati ya Zamani ya Unguja, iliyokamilika mwaka 1894, kila uwazi wa ndani huanza na tundu, na tundu kubwa hula pembe ya ua.

Bledi ikishafika mkononi, ikunje kidogo na uiachie: irudi kuwa nyofu. Pitisha ukucha taratibu kwenye mbavu zake zote mbili. Upande mmoja ukikwaruza zaidi, bledi hiyo itavuta kuelekea huko, na ubao utalazimika kusukumwa kwa mshazari kidogo. Zilizonolewa kwa jiwe huvuta kidogo na bei yake ni ya juu. Zinastahili bei hiyo penye mistari mirefu iliyonyooka, na penye maua na mizunguko ya kawaida unaweza kuokoa fedha. Hewa ya chumvi huzitia kutu haraka, hivyo zipakwe mafuta kidogo, zifungwe chupani, na zifutwe kabla ya kukata. Hukumu ya mwisho ni ya kipande cha majaribio: unga udondoke kwa wingi bila kuganda kwenye meno, kuta za mkato zibaki na rangi ya ubao, na mkono usihitaji kusukuma. Ukianza kusukuma, badilisha bledi.