Pongezi kwa Watetezi wa Waliodhulumiwa Majumbani

Katika jumba la Bunge la Uganda, hapa Nakasero, ilitungwa Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, yenye kumpa aliyedhulumiwa haki ya kuomba mahakamani amri ya kumhifadhi. Lakini sheria, hata ikiwa adilifu namna gani, haina miguu ya kumwendea mwanamke aliyefungiwa chumbani, na ndipo watetezi, wakiwamo mawakili wa FIDA-Uganda, chama kilichoasisiwa mwaka 1974, wanapostahiki sifa zetu.

Mtetezi huuliza faraghani, kwa staha, mambo ambayo jirani huona haya kuyataja: je, mume amewahi kumkaba koo? Ana silaha? Ametishia kuua? Kwani ajua kuwa saa ya kuondoka, ambayo sisi tulio nje twaidhani kuwa ya salama, mara nyingi ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kwa hiyo hutafuta kwanza malazi, nauli, hati za watoto, na askari atakayeitika. Nami naistaajabia zaidi subira yao: mwanamke akirejea kwa mumewe, hawamlaumu wala hawamfungii mlango.

Tena auni yao haikomei kwa mtu mmoja mmoja. Shirika la MIFUMI, lenye asili yake Tororo, lilishitaki hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 majaji wakahukumu kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ivunjikapo ni kinyume cha Katiba. Maana walikuwapo waliovumilia kipigo kwa kuwa jamaa zao hawakuwa na ng'ombe wa kurejesha.